Mwenye Nyumba ni Nani?

Nyumba kongwe za Nyanda za Juu Kusini hutambulika kwa dohani. Pita Gangilonga mjini Iringa, au panda mitaa ya juu ya Mbeya chini ya mlima Loleza, utaziona: kuta nene za matofali ya kuchoma, baraza mbele, paa la bati ambalo rangi yake nyekundu imeshindwa na kutu, na juu ya paa hilo bomba la matofali la kutolea moshi. Lindi hawajengi kitu kama hicho, wala Tanga. Huku juu, Iringa ikiwa kwenye mita zipatazo 1,600 kutoka usawa wa bahari na Mbeya mita 1,700, mwezi wa Juni na Julai baridi huingia hadi mifupani, na moto wa sebuleni si anasa.

Kila anayesimama mbele ya nyumba ya aina hiyo huuliza swali lile lile: ilikuwa ya nani? Jibu nalo limezoeleka: "Ya Mzungu." Basi, mazungumzo yameisha. Mimi naona hapo ndipo yangepaswa kuanza. Jibu hilo linatupa mtu mmoja pale walipopita wengi. Linamtaja mgeni na kuwasahau wenyeji waliobeba udongo. Baya zaidi, linatuvua wajibu wa kuitunza nyumba, kwa kuwa tumekwisha kukubaliana kwamba haituhusu.

Vitabu vya majengo vya Ulaya huziweka nyumba za mtindo huu katika zama za Malkia Victoria, aliyekalia kiti cha enzi cha Uingereza tangu 1837 hadi 1901. Yeye hakuwahi kuitawala Iringa wala Mbeya. Lakini katika miaka kumi ya mwisho ya uhai wake, nchi hizi zilivamiwa na majeshi ya Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, ambaye alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake mkubwa. Waingereza walipofika na kuwatoa Wajerumani mwaka 1916, malkia alikuwa amelala kaburini miaka kumi na mitano. Ramani yetu ilichorwa, ikafutwa na kuchorwa upya na watu waliokuwa wanaitana bibi, mjomba na binamu, na nyumba walizotuachia zinafanana kama walivyofanana wenyewe.

Boma la Iringa linatosha kuwa mfano. Lilijengwa na Wajerumani mwaka 1914 liwe hospitali ya jeshi. Agosti 1916 kikosi cha Jenerali Edward Northey kikauteka mji, na Waingereza wakaligeuza jengo kuwa ofisi za utawala. Baada ya Uhuru likabaki ofisi ya serikali, wananchi wakipanga foleni ya shida zao pale pale walipopanga foleni baba zao. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Ukiandika orodha ya wenye nyumba kwa mujibu wa karatasi, umemaliza: jeshi la Mjerumani, serikali ya Mwingereza, serikali yetu, makumbusho. Katika karne nzima na ushei jengo hilo halikuuzwa kwa mtu. Lilibadili mikono kila dola ilipobadilika.

Hata hivyo, nyumba haianzi na msingi wake. Nyumba nyingine huanza na ile iliyobomolewa ili yenyewe ipate kusimama, na ya Boma la Iringa ni Kalenga, mwendo mfupi magharibi ya mji.

Kalenga palikuwa makao ya Mkwavinyika, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Aliyazungushia makao hayo ukuta wa ngome. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi lake lilikivamia njiani kikosi cha Emil von Zelewski, likamuua kamanda huyo pamoja na Wajerumani wenzake na askari zaidi ya mia mbili. Wajerumani hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliipiga ngome kwa mizinga, wakaingia, na walipomaliza hawakuiacha isimame. Mkwawa aliponyoka na kupigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwili ulizikwa Mlambalasi.

Mwaka 1896, wakati mwenyewe bado yuko porini, Kapteni Tom Prince alianzisha kituo kipya cha kijeshi kwenye kilima juu ya mto Ruaha Mdogo. Ndipo ulipo mji wa Iringa leo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akahamishwa. Prince alimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala chini ya Wajerumani, na baada ya muda mfupi akamnyonga kwa kumshuku kwamba anamsaidia kaka yake. Huo ndio msingi wa mji. Kabla ya tofali la kwanza la Boma, hapo palikuwa tayari na madai ya umiliki ambayo hayakuandikwa kwenye hati yoyote.

Na Prince mwenyewe alikuwa nani? Alizaliwa kisiwani Mauritius, baba yake Mwingereza, akakulia Ujerumani na kuwa afisa wa jeshi la Kaisari. Mke wake, Magdalene, aliishi naye Iringa, akiandika, na mwaka 1903 akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake za maisha ya bara. Ndiyo maana leo tunajua mama huyo aliona nini alipotazama nje ya dirisha. Mumewe alikufa Tanga mnamo Novemba 1914, mwaka ule ule Boma lilipojengwa, mtoto wa Mwingereza akipigana na Waingereza. Habari za watu hawa zinapatikana kwa sababu waliandika na wakaandikwa. Mwanamke wa Kihehe aliyewaletea maziwa na kuni aliona mengi kuliko Magdalene, kwa kuwa aliyaona yote mawili, ya nje na ya ndani. Hakuna aliyempa kalamu.

Hapa ndipo tunapopaswa kuliangalia tofali lenyewe. Kwa bahati njema hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu namna ya kulifanya haijabadilika sana: tanuri za matofali zinafuka moshi hadi leo kandokando ya barabara za Iringa na Mbeya. Kwanza huchaguliwa udongo, wa kichuguu ukipatikana ni bora zaidi. Humwagiwa maji na kukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike na kushikamana. Fundi huuchota kwa mikono, huupiga ndani ya kalibu ya mbao, hukwangua juu, na kuinua kalibu kwa mara moja ili tofali lisipinde. Likikauka kivulini hupangwa tanuri, na chini huachwa matundu ya kuni. Tanuri hukandikwa tope kwa nje, huwashwa jioni, na usiku kucha kuna mtu anayekesha akichochea, maana moto ukilala tofali halitaiva. Kwa nyumba moja kubwa mzunguko huo hurudiwa mara nyingi. Miguu iliyokanyaga udongo wa nyumba za Wajerumani na Waingereza ilikuwa ya watu wa hapa.

Walilipwaje? Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya kibanda. Kila nyumba ililipiwa, na aliyekosa fedha alilipa kwa nguvu zake, kwa kazi za serikali. Wahehe waliishi katika tembe, nyumba ndefu ya mstatili yenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo, ambayo mtu aliijenga kwa mikono yake na ya majirani zake, juu ya ardhi ya ukoo wake. Mtu huyo sasa alitozwa kodi kwa sababu ana nyumba, na kwa kuwa hana fedha alikwenda kumjengea anayemtoza. Nikifikiria umiliki wa nyumba za kikoloni, jambo hili hunikaa moyoni kuliko yote. Kama nguvu ya mtu ni fedha, basi babu zetu walizinunua nyumba hizo hata kabla ya kuezekwa. Risiti tu ndiyo hawakupewa.

Mbeya ina hadithi yake. Mji wenyewe ni mchanga: ulianza miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watafutaji kutoka kila upande wa dunia kwenda Chunya. Serikali ikahitaji ofisi, maofisa wakahitaji nyumba, na Wahindi wakafungua maduka katika mtaa ambao mpaka leo unaitwa Uhindini. Nyumba za maofisa zilipanda mlimani, na maduka yakakaa tambarare. Waliochimba, waliobeba na waliopika walikwenda kulala mbali zaidi, katika nyumba ambazo hakuna aliyefikiria kuzihifadhi. Dhahabu ilipopungua katika miaka ya 1950, Chunya ikabaki na kuta za maduka yasiyo na wateja. Mbeya ilinusurika kwa kuwa ilikwisha kuwa makao ya jimbo, na baadaye ikapitiwa na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA.

Nyumba za watu binafsi ndizo zilizohamishwa mikono kwa namna ya kushangaza kuliko zote. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mali za Wajerumani katika Tanganyika zilitwaliwa kama mali ya adui na kupigwa mnada. Wajerumani wenyewe walikatazwa kurudi hadi mwaka 1925. Marufuku ilipoondolewa walirudi kwa wingi, na nyanda hizi za Iringa, Mufindi na Mbeya zikawa miongoni mwa sehemu walizozipenda zaidi, kwa kahawa, chai na hewa yake. Wakajenga upya, wakapanda miti ya matunda, wakachonga milango. Mwaka 1939 vita ya pili ilipoanza walikamatwa, na mashamba na nyumba zao zikatwaliwa tena. Mtu mmoja aliweza kunyang'anywa mara mbili katika maisha yake. Sisemi hivi kuwaonea huruma kuliko waliohamishwa kabla yao. Nasema kwa sababu hapa kuna somo ambalo kila mwenye hati angepaswa kulitafakari: katika nchi hizi, mwenye nyumba wa leo alikuwa mpangaji wa historia, na mkataba wake ulivunjwa bila kuulizwa.

Kulikuwa pia na watu walioishi hapa bila kuchagua. Wakati wa vita hiyo ya pili, maelfu ya Wapolandi waliofukuzwa makwao na Wasovieti walipewa hifadhi Afrika Mashariki, na miongoni mwa kambi zao zilikuwamo Ifunda mkoani Iringa na Kidugala upande wa Njombe. Akina mama na watoto waliovuka Siberia, Uajemi na Bahari ya Hindi walijikuta wanalima mboga katika udongo mwekundu wa Uhehe. Vita ilipokwisha walitawanyika, na Ifunda ikageuka mahali pa shule ya ufundi, ambapo vijana wetu walijifunza useremala na uashi.

Halafu ikaja Aprili 1971. Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba mpya wa taifa zima, mpaka mwaka 1990 majukumu yake yalipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa mpangaji wa Iringa au Mbeya, ambaye kodi ilikuwa inammaliza, hilo lilikuwa jambo la haki: serikali ya Azimio la Arusha ilikuwa imesema kwamba haifai mtu kuishi kwa kukusanya kodi za wenzake. Kwa familia ya Kihindi iliyoanza na kibanda cha kuuza chumvi na vitambaa, ikajinyima vizazi viwili mpaka ikajenga ghorofa moja lenye jina la babu na mwaka wa ujenzi juu ya mlango, siku hiyo ilikuwa ya msiba. Wengi walifunga mizigo na kwenda Uingereza na Kanada. Majina yao bado yako juu ya milango. Nimekwisha kuacha kutafuta upande mmoja wa kuusimamia katika jambo hili. Mpangaji alikuwa na haki yake na mwenye duka alikuwa na machozi yake, na ukuta mmoja umevibeba vyote viwili.

Nyumba za serikali nazo zikapata zamu yao. Kuanzia mwaka 2002 nyingi ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wanaishi ndani yake. Kwa mara ya kwanza tangu zijengwe, zikawa mali ya Mtanzania mmoja mmoja, mwenye jina na watoto. Ilikuwa zamu yetu hatimaye. Na wengi wetu, tulipopata nafasi, jambo la kwanza tulilofanya ni kuvunja. Kiwanja kina thamani kuliko kuta, na dirisha la alumini linapendeza kuliko la mbao. Siwalaumu kwa wepesi, maana paa la zamani linavuja na fundi wa kuliziba haonekani. Ila nasikitika kwamba tunavunja bila kuandika, bila hata kupiga picha.

Wala sheria haitusaidii vya kutosha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linasubiri kutangazwa na waziri. Katika nyanda zetu, karibu kila jengo la matofali limejengwa baada ya mwaka huo. Maana yake, lisipotangazwa ni kama halipo.

Walio na majengo mashuhuri kuliko yetu wameonja matokeo ya kuchelewa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilipita mikononi mwa masultani, maofisa wa Kiingereza na serikali ya Mapinduzi, likawa makumbusho, na limo ndani ya Mji Mkongwe unaotambuliwa na UNESCO. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu yake ya mbele iliporomoka na kuua mafundi wawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huu tunaurudia tangu utotoni, na safari hii ulilipiwa kwa maisha ya watu.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike na majengo ya waliotutesa. Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu linatoka mahali penye jeraha. Jibu langu liko Kalenga. Ngome ya Mkwawa haipo. Kilichobaki ni vipande vya ukuta na makumbusho madogo. Ndani yake, katika kabati la kioo, kuna fuvu la kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe katika miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alilitafuta katika makumbusho ya Bremen, akalichagua kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mwenyewe, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Mvamizi alijua umuhimu wa kufuta: alivunja ngome na kuondoka na kichwa. Tukilibomoa Boma kwa hasira, tutakuwa tumemalizia kazi ya kufuta ambayo yeye aliianza, maana safari hii ushahidi utakaopotea ni ule dhidi yake. Kalenga bila Boma ni kilio kisicho na mshtakiwa, na Boma bila Kalenga ni jengo zuri la watalii.

Kwa hiyo ninachokiomba si kupaka rangi tu. Naomba kila nyumba kongwe iwe na daftari. Ndani yake waandikwe wenye hati, ndiyo, pamoja na miaka yao. Kisha waandikwe fundi aliyeezeka, mpishi aliyepika jikoni kwa nje kwa sababu haikuruhusiwa apikie ndani, yaya aliyelea watoto wa watu huku wake wakilelewa na bibi yao, karani aliyepiga chapa, mlinzi aliyekesha barazani, mpangaji wa Msajili wa Majumba, mtumishi aliyeinunua. Kazi hii haisubiri mfadhili. Walimu wa historia wa Iringa na Mbeya wanaweza kuigawa kwa wanafunzi, mtaa kwa mtaa, na wenyeviti wa mitaa wanawajua wazee wa kuulizwa. Inachohitaji ni haraka. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ya Uhuru mwaka 1961 sasa amepita 80.

Basi mwenye nyumba ni nani? Hati itataja mmoja, na mahakama itamheshimu huyo. Lakini mji una haki ya jibu pana zaidi. Mwenye nyumba ni yule aliyeikanyagia udongo, aliyefukuzwa ili ijengwe, aliyenyang'anywa baada ya kuijenga, aliyeipanga, aliyeinunua, na atakayekubali kuliziba paa lake kabla ya masika yajayo. Huyo wa mwisho bado hajapatikana. Nafasi iko wazi, na ni yetu kuijaza.